Bwasa ao kalinzi? Juu ya mugeni wa kazi na udongo wa watu

Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo, mutoto wangu wa kwanza alirudi nyumbani na fishi ya kujaza. Ilikuwa na mistari ya kawaida: jina, pahali na tarehe ya kuzaliwa, kisha jimbo la asili, teritware, sekta, kijiji. Mistari ya kwanza aliijaza mbio, maana alizaliwa hapa Likasi mwaka 2010 na anaijua hata maternité. Alipofika kwenye neno «asili», kalamu ikasimama. «Papa, hapa naandika nini?» Mimi nilikuwa nasahihisha kazi za wanafunzi, nikamujibu bila kuinua kichwa: «Sud-Kivu, Walungu, Ngweshe.» Akaandika. Kisha akauliza tena: «Na kama mutu ananiuliza kule kuko namna gani, nitasema nini?»

Sasa ilikuwa kalamu yangu yenye kusimama. Mutoto huyu hajaona Walungu hata siku moja.

Swali ambalo nataka kugusa katika kurasa hizi si geni katika miji yetu ya migodi. Mutu mwenye kuhamia pahali kwa ajili ya kazi anakuwa mutu wa pale siku gani? Je, kuna siku kama ile? Na kama iko, nani anaitangaza: yeye mugeni, wenyeji, ao Serikali? Wengine watasema haya ni maneno ya siasa. Mimi naona ni neno la haki na la tabia njema kwanza, siasa inaliokotaka njiani. Na sitajifanya mutu asiye na upande. Mimi ni mugeni wa Likasi tangu mwaka 2007, na mengi nitakayosema yananihukumu mimi mwenyewe.

Nilitoka Bukavu na diploma ya ISP, bibi yangu, na sanduku mbili. Kule kwetu walimu wenye diploma walikuwa wengi kupita masaa ya kufundisha. Rafiki alinijulisha kwamba shule moja ya Likasi inatafuta mwalimu wa Kifaransa. Tulipitia Uvira, tukapanda meli mpaka Kalemie, kisha treni: Kabalo, Kamina, Bukama, Tenke. Mwenye kupanda treni ya miaka ile anajua: hakuna aliyeuliza saa ya kufika, tulikuwa tunauliza siku. Nilifika nikiamini kwamba najua Kiswahili. Nikaomba bugali, wakacheka, hapa ni bukari. Nikasema katika darasa «nitakuja», nyuma mutoto mumoja akanong'ona «nitakuya», na darasa lote likaanguka kwa kicheko. Nilitafuta kasiksi, nikapewa munkoyo, na leo ningelazimika kufikiri kidogo kama ungeniuliza kati ya ile mbili napenda nini.

Hayo ni madogo, mwezi mumoja unayamaliza. Yale makubwa hayaonekani haraka.

Tulipanga vyumba viwili katika kartie ya Kikula, ndani ya parseli ya mama mumoja mujane, Musanga kwa kabila. Nililipa garanti ya miezi sita, tukaandikiana karatasi, nikaona deni langu kwa watu wa hapa limekwisha. Yeye ni mwenye nyumba, mimi ni mupangaji, kila mutu na haki yake. Mama yule hakuona mambo vile. Bibi yangu alipozaa, ni yeye alikuja kila asubuhi na maji ya moto, alimuosha mutoto mpaka kitovu kilianguka, na alikasirika siku tulipotaka kumupa kitu. Siku moja alinionyesha nafasi nyuma ya nyumba: «Mwalimu, panda muembe pale.» Nikacheka. Nikamwambia: «Mama, ule muembe utazaa nikiwa nimekwisha kurudi kwetu.»

Alinyamaza. Mwaka 2012 alikuja na neno lingine. Alitaka kuniuzia nusu ya parseli, kwa bei ya kulipa kidogo kidogo, sababu alikuwa na wajukuu wa kulipia masomo na alipenda kuuza kwa mutu anayemujua. Nilikataa. Franga zangu zote zilikuwa zinaenda Bukavu, nilikuwa najenga nyumba kule Panzi. Aliuzia mutu mwingine. Nilipoenda kumuomba radhi, alinijibu bila hasira: «Hakuna shida, mwalimu. Weye unaikalaka sawa mutu ya ku gare.»

Katika muji mwingine hiyo ingekuwa mzaha. Likasi, neno «gare» si mzaha.

Wakubwa wanajua, lakini vijana wengi wamezaliwa nyuma. Mwaka 1992 na 1993, katika mabishano ya mwisho wa utawala wa Mobutu, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, zaidi hapa Likasi na Kolwezi. Waliitwa bilulu, ni kusema wadudu. Mamia ya maelfu walipoteza makao na kazi. Wengi walilala miezi ku gare, na vyombo vyao, wakingojea treni za kuwapeleka Kasai, na wengi walikufa pale pale ao njiani, kwanza watoto. Mwalimu mwenzangu wa hesabu alilala pale akiwa na miaka tisa. Baba yake alizaliwa Panda, hapa hapa Likasi. Mwenzangu anakumbuka kwamba baba alikuwa anauliza wazee waliokaa kando yake: «Banasema turudi kwetu. Kwetu ni kituo gani? Tutashukia wapi?» Hakuna aliyejua. Walishukia pahali ambapo treni ilisimama. Alirudi Likasi akiwa mutu mzima, na diploma, na leo tunagawana chaki moja.

Babu ya mwenzangu hakujileta. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa na shaba nyingi chini ya udongo na watu wachache juu yake. Ilitafuta mikono Rodezia, Lomami, Kasai, mpaka Rwanda na Burundi. Mwanzoni watu walikuja kwa mikataba mifupi na kurudi kwao. Mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iligeuza mawazo: ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu, ikaruhusu mutu aje na bibi, ikajenga maternité na shule ndani ya kambi, sababu ilihesabu kwamba mutoto wa kambi atakuwa mutumishi wa kesho. Mwaka 1928 njia ya treni kutoka Bukama ikafika Ilebo, na Kasai ikawa karibu. Basi watu wale waliambiwa wakae. Lakini tazama jambo hili: nyumba ya kambi haikuwa yao. Kazi ikiisha, ufunguo unarudi kwa kampuni. Serikali ilipochukua kampuni ile mwaka 1967, na ikaja kuitwa Gécamines, desturi haikubadilika sana. Mutu alipewa kila kitu cha kuishi nacho, isipokuwa pahali pa kubaki.

Hapo desturi ya kwetu Bushi inanisaidia kufikiri, na ndiyo sababu nilikubali kuandika katika kijitabu hiki juu ya mila, mimi mwenye kufundisha Kifaransa.

Kwetu mutu mwenye kutafuta udongo alikuwa na njia mbili. Ya kwanza inaitwa kalinzi. Mugeni alipeleka ngombe kwa mwami, ao kwa mukubwa anayesimamia udongo kwa jina la mwami, na akapewa shamba. Toka siku ile shamba ni lake, na akifa ni la watoto wake. Anaweza kupanda migomba, anaweza kujenga, anaweza kuzika. Njia ya pili inaitwa bwasa. Hapo mutu anaazimwa kipande cha udongo kwa kulima, kwa malipo madogo, pombe ao siku za kazi. Anavuna maharagi, anavuna mihogo, lakini hana ruhusa ya kupanda mugomba, maana mugomba unakaa miaka mingi na mwenye kuupanda anaonyesha kwamba hataondoka. Mavuno yakiisha, mwenye shamba anaweza kusema: inatosha.

Tusiipambe kalinzi kupita kiasi. Masikini asiye na ngombe alibaki katika bwasa maisha yake yote, mwanamuke hakupewa kitu kwa jina lake, na mwenye kutoa kalinzi aliendelea kuwa chini ya mukubwa aliyeipokea. Hata hivyo kuna hekima moja ndani, na ningependa wenye kubishana juu ya wenyeji na wageni waitazame: kalinzi inatolewa mara moja. Mwana wa yule aliyeleta ngombe hasimamishwi njiani na kuambiwa alete ngombe nyingine. Kama mukubwa angedai tena kwa mwana kile alichopokea kwa baba, watu wangesema amekula mara mbili.

Nikitazama mwaka 1992 kwa macho ya desturi hii, naona kosa lake waziwazi. Watu wa vizazi viwili ao vitatu waliambiwa: ninyi wote ni watu wa bwasa, mavuno yameisha, inatosha. Kazi ya babu katika migodi haikuhesabiwa, makaburi yao hayakuhesabiwa, watoto waliozaliwa hapa walihesabiwa kama wageni waliofika jana. Hata kama madai mengine ya wenyeji yalikuwa ya kweli, juu ya kazi na vyeo (na mengine yalikuwa ya kweli, tusikatae), hakuna desturi ya Kiafrika ninayoijua yenye kuruhusu kumudai mutoto deni la udongo ambamo kitovu chake kilianguka.

Lakini nitakuwa mwongo nikisimama hapa, maana kuna upande wa pili, ni upande wetu sisi wenye kuhamia.

Sisi wenyewe tunajiweka katika bwasa. Tunalima, tunavuna, hatupandi mugomba. Tazama chama chetu cha watu wa kwetu: kotizasio kila mwezi, na sehemu kubwa ya sanduku ni kwa kusafirisha maiti. Hatujaweka franga hata moja kwa kisima cha kartie ao kwa barabara yenye kutupeleka kanisani. Mwenzetu akipata cheo katika kampuni, kazi ya kwanza ni kuita ndugu toka kijijini, na kijana wa hapa anabaki mulangoni na karatasi zake mukononi. Kisha jioni tunashangaa kwamba hatupendwi. Mutu anaweza kudai pahali ambapo yeye mwenyewe hataki kuzikwa? Ninajua kwamba swali hili linauma. Linaniuma mimi kwanza.

Mwaka 2016 mumoja wa chama chetu alifariki. Alikaa Katanga miaka zaidi ya makumi tatu, aliacha bibi Muluba wa hapa na watoto sita. Bibi alisema: bwana wangu azikwe hapa, watoto wapate pahali pa kwenda siku ya wafu. Watoto walisema vile vile. Sisi wazee wa chama (nilianza kuitwa muzee mapema, juu ya diploma) tulikaa kikao usiku kucha. Sanduku lilikuwa na franga. Tukasema: mutu wa kwetu hawezi kuachwa katika udongo wa watu sawa mutu asiye na ndugu. Nilinyosha mukono pamoja na wengine. Maiti ikaenda kwa ndege mpaka Goma, kisha kwa njia ya ziwa mpaka Bukavu, kisha kijijini. Franga zilitosha kwa maiti, na kwa wazee wawili wa kuisindikiza, na kwa mutoto mukubwa. Bibi hakuenda. Watoto watano hawakuenda.

Binti wake mudogo nilimufundisha miaka miwili baadaye. Niliwapa kazi ya kuandika juu ya mutu wanayemupenda. Aliandika juu ya baba yake, ukurasa mumoja na nusu, vizuri sana, na mwisho aliandika kwamba siku ya wafu yeye na mama yake wanaenda makaburini kufagia kaburi ya jirani yao, kwa sababu ya kwao iko mbali. Nilimupa 17 juu ya 20. Sikujua niandike nini kando ya karatasi.

Tulifikiri tunamuheshimu marehemu, na kwa upande wake labda tulifanya vema, sijui. Lakini tulichukua kalinzi ambayo watoto wale walikuwa nayo tayari, maana kaburi ya baba ndiyo alama ya kwanza kwamba mutu hayuko ku gare, na tukaipeleka kilometa elfu na zaidi. Wenyeji hawakuwafanyia hivyo. Ni sisi.

Sasa nisikilize wale wasiokubaliana nami. Wa kwanza ni mwenzangu wa sheria ya uraia, mutu mwenye akili nyingi. Anasema: mambo ya bwasa na kalinzi yalikufa. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Katiba ya 2006, katika kipengele cha 30, inampa kila mutu aliye ndani ya inchi haki ya kutembea na kukaa pahali anapotaka. Basi sina deni kwa kabila lolote, na kusalimia wenye udongo ni kuwapa nguvu wale wanaotaka kunifukuza kesho.

Namuelewa, na kama siku moja nikisukumwa ku gare nitaishika katiba ile kwa mikono miwili. Lakini sheria inanipa haki ya kukaa, haiwezi kuniletea jirani kwenye kilio changu. Haiwezi kumuamusha mama wa watu asubuhi aje na maji ya moto. Na tena, watu wa 1992 hawakuwa nje ya sheria, walikuwa na karatasi zao zote. Kile kilichokosa hakikuandikwa katika karatasi.

Wa pili ananibana zaidi. Anauliza: kama kuna deni, nani anahesabu bei yake? Ukimuachia mwenyeji, ataipandisha kila mwaka. Leo atataka ujue luga yake, kesho uoe kwake, keshokutwa uache cheo chako. Swali ni la haki. Jibu langu ni lile la desturi: deni lenye kustahili jina la deni lina mwisho unaojulikana. Kile ninachoona kama ngombe wa kalinzi kwa mugeni wa leo si kitu cha siri. Mutu asalimie anapofika. Ajifunze kusema kama watu wanavyosema. Aende kwenye kilio cha wengine mbele ya kuwaita kwenye chake. Asifunge kazi ndani ya ukoo wake. Apande kitu kitakachozaa yeye akiwa muzee. Mwenye kufanya hayo amelipa, hata kama hakuna mutu wa kumupa risiti, na mwenye kumudai tena anakula mara mbili. Na mutoto wake halipi kitu.

Juu ya mutoto, wazee wa Katanga walisema mbele yetu, katika habari ambayo kila mwanafunzi wa hapa ameisikia. Ilunga Mbidi Kiluwe, muwindaji, alifika toka mashariki katika inchi ya Nkongolo Mwamba. Alikuwa mugeni wa kweli, hata namna yake ya kula ilikuwa nyingine, alijificha kwa kula wakati Nkongolo alikula mbele ya watu wote. Alipokelewa, akaoa dada za Nkongolo, kisha akarudi kwao na kuacha mimba. Mutoto aliyezaliwa ni Kalala Ilunga. Alikua pale, akamusaidia mujomba wake katika vita, akawa na sifa, na Nkongolo akaona wivu. Akachimba shimo, akasimika mikuki ndani, akalifunika na mukeka, akamualika kijana acheze ngoma juu yake. Mupiga ngoma alimuonya kijana kwa mupigo wa ngoma, naye akaruka na kukimbia. Baadaye alirudi na majeshi, Nkongolo akafa, na ufalme wa Baluba ukaanza.

Kwa kawaida tunafundisha habari hii kama habari ya wafalme. Mimi kila mara inanisimamisha pahali pamoja: Nkongolo hakumuchimbia shimo Mbidi. Mugeni mwenyewe alipokelewa na akaondoka salama. Shimo lilichimbwa kwa mutoto, yule aliyezaliwa pale, wa damu ya mama wa pale, asiyejua pahali pengine. Ni mutoto anayeogopesha, sababu baba anaweza kurudi kwao, mutoto hawezi. Na aliyemuokoa hakuwa ndugu wa baba yake toka mashariki. Alikuwa mutu wa pale pale, mwenye ngoma mikononi, aliyeona mukeka na kujua kilicho chini.

Kuna mugeni mwingine ambaye sipendi kumusahau, M'siri. Alikuja toka Unyamwezi, katika karne ya 19, kwa biashara ya shaba na pembe, ni kusema kwa kazi. Yeye hakutoa kalinzi, aliichukua kwa bunduki, akajifanya mwami pale Bunkeya, mpaka Basanga wakamuasi, na watu wa Leopold wakamuua tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 1891. Simuweki kama mufano. Lakini Bayeke, wajukuu wa watu wake, wako Bunkeya mpaka leo, na sijasikia mutu mwenye akili akiwaambia warudi Tanzania. Kiswahili chenyewe, ambacho tunagombana nacho na kupatana nacho, kilifika huku na wafanyabiashara wa mashariki na kikakomaa katika kambi za migodi. Tunaulizana «kwenu ni wapi?» kwa luga ambayo ni mugeni wa kazi.

Basi mutoto wangu aandike nini? Nimefikiri, na naona fishi ile inachanganya vitu viwili. Kuna ukoo, na kuna udongo. Ukoo anautoka kwa baba: yeye ni Mushi, nitamufundisha majina ya babu zake na sitaki asahau hata mumoja. Udongo ni pahali ambapo watu wanakujua bila kuuliza. Zamani vitu hivi viwili vilikaa mara nyingi pamoja, kwa hiyo swali moja lilitosha. Migodi iliviachanisha zaidi ya miaka 100 iliyopita, na sisi tunaendelea na swali moja.

Mwezi wa 2 mwaka 2025 vita iliingia Bukavu. Mupangaji wangu wa Panzi alikimbia, na tangu siku ile sina habari ya kweli juu ya nyumba ile niliyojenga kwa miaka saba ya mushahara. Ndugu zangu wanne walifika Likasi wakiwa na mifuko midogo. Jirani alileta unga, mwingine godoro. Mwingine aliniuliza kwa upole: «Mwalimu, ni wa siku ngapi?» Nilitaka kukasirika. Kisha nikakumbuka kwamba hilo ndilo jibu nililompa mama yule juu ya muembe.

Mama alifariki mwaka 2021. Nilienda kwenye kilio, nikachanga, nikalala nje siku mbili pamoja na wanaume wengine. Lakini nilienda kama mupangaji wa zamani. Mwezi uliopita nilimuchukua mutoto wangu, tukapita sokoni, tukanunua kuku mumoja na kilo mbili za sukari, tukaenda Kikula. Mwana mukubwa wa marehemu alitukalisha chini ya ukuta, pale ambapo muembe ungekuwa. Nilimwambia kwamba nimekuja kusalimia. Alitazama kuku, alitazama mutoto, akacheka sana.

«Mwalimu, miaka yote hii? Unataka kuhama?»

«Hapana,» nikamujibu. «Ni kwa kuwa sikusalimiaka.»

Aliita bibi yake, akampa kuku. Kisha akamuuliza mutoto wangu anasoma darasa gani, na kama angali anaogopa mbwa wao sawa zamani.